Sufuria chini ya kaunta

Assalamu alaykum ndugu zangu katika imani.

Jumapili jioni nilikwenda kwa dada mmoja mama ntilie, jirani yangu hapa Tandika. Nimekuwa nikimkopesha mchele na mafuta, deni limefika shilingi 140,000. Mvua zimejaza maji barabarani, wateja wake wamepotea, nami nayajua yote hayo. Hata hivyo nilimfokea mbele ya wanawe, nikaondoka na sufuria lake kubwa la kupikia wali. Nikaliweka dukani chini ya kaunta.

Jumatano, kijana mmoja akaniuliza mbona watu husema sharia ni kali. Nikamjibu kwa kujiamini. Nikamtajia Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Nabii Isa: nyumba ikianguka ikamuua mtoto wa mwenye nyumba, aliuawa mtoto wa fundi, asiye na kosa. Nikaja kwa Warumi na sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, karibu mwaka 450 kabla ya Nabii Isa. Mdaiwa alipewa siku 30 tangu hukumu. Asipolipa, alifungwa minyororo siku 60, na mwisho wake kuuawa au kuuzwa utumwani ng'ambo ya mto Tiber. Sisi je? Nikamsomea Al-Baqara aya ya 280: mdaiwa akiwa na shida, angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe deni ni bora zaidi.

Nilipofika hapo ulimi ukawa mzito. Mguu wangu ulikuwa unagusa lile sufuria.

Hata Taurati, ambayo tumezoea kusema ilikuwa na mizigo mizito, inakataza kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wake. Sufuria la mama ntilie lina tofauti gani na jiwe hilo?

Ndugu zangu, usiku tunasoma mwisho wa Al-Baqara: Mola wetu, usitubebeshe mzigo kama uliowabebesha waliokuwa kabla yetu. Kunakucha, tunambebesha mwenzetu mzigo uleule tulioomba tuondolewe! Mitaani mwetu kuna mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, vitanda vya walioshindwa kulipa vinabebwa mchana, na baadhi ya wabebaji tunasimama nao safu moja msikitini. Tusijifariji kwamba sheria yetu ina huruma kuliko ya Rumi ikiwa mikono yetu ni ya Kirumi. Wewe uliyeweka kitu cha maskini chumbani mwako, kirudishe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituambia habari za mfanyabiashara aliyekuwa akiwasamehe wenye dhiki, naye Mwenyezi Mungu akamsamehe. Nani kati yetu hahitaji msamaha huo?

Ijumaa baada ya swala nililibeba mwenyewe hadi kwake. "Dada, nisamehe. Deni tuliache mpaka Mungu akufungulie." Hakusema kitu. Alifunua kifuniko, akaona ukoko wa wali wa Jumapili bado umeganda chini, akamwita binti yake alete maji.