Nilivyong'oa chuma cha kale bila kupasua jiwe

Ufa ulianzia ukingoni mwa jiwe ukafika katikati, upana wake kucha inaingia. Ndani kulikuwa na kitu chekundu nikadhani ni udongo. Nilipokikwangua kwa ncha ya tindo, kikang'aa. Chuma.

Nilikuwa kaskazini mwa Ufaransa nikijifunza uashi wa mawe, na ile ndiyo kazi yangu ya kwanza juu ya ukuta wa kanisa la karne ya 13. Mimi nimekulia Lamu, kwenye matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kwa hiyo nilimwambia fundi mkuu kuwa vyuma hivi viliwekwa na watu wa juzi, tuving'oe vyote. Akanikatalia. Akanieleza kuwa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019, vilionekana vibano vya chuma vilivyoshikanisha mawe, na utafiti uliotolewa 2023 ulionyesha kuwa waashi walianza kuvitumia tangu miaka ya 1160. Umri ulijulikana kwa kupima kaboni ya makaa iliyobaki ndani ya chuma tangu kilipotoka tanurini. Kisha akanisimulia kanisa kuu la Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa. Huko, miaka ya 1960, waliondoa vyuma vilivyounganisha nguzo za nje. Upepo ukavuma, nguzo zikayumba, ikabidi wafunge vingine.

Basi tukaanza kwa kusikiliza. Vibano vyetu vilikuwa tisa, kila kimoja kama pini kubwa ya stepla, kirefu kupita shibiri, miguu yake imezamishwa kwenye matundu na kuzungushiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa ya moto. Nikagonga kila jiwe kwa nyundo ndogo. Jiwe zima linalia. Lililopasuka linatoa sauti ya kufa. Sita yalilia. Chini yake risasi ilikuwa nzima na chuma bado cheusi, kigumu. Matatu yaliyobaki yalikuwa yamezibwa viungo kwa saruji na mafundi wa baadaye. Maji yaliingia, saruji ikayazuia kutoka, chuma kikashika kutu, na kutu hutaka nafasi mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Jiwe halina pa kwenda ila kupasuka. Mimi lawama naiweka kwenye ile saruji.

Kibano cha namna hiyo usikivute. Nilikikata katikati kwa msumeno wa chuma, nikashughulikia kila mguu peke yake: keekee nyembamba, vitundu vilivyokaribiana kwenye risasi, halafu kuichokonoa kidogokidogo mpaka mguu ukalegea na kupanda wima. Mguu wa kwanza ulinichukua siku nzima. Nilipouona unatoka na jiwe limetulia, mikono ilikuwa inatetemeka.

Vibano vipya ni vya chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kumimina risasi tulikausha matundu kabisa, kwa sababu unyevu kidogo tu unairusha risasi ya moto usoni. Ikipoa hunywea, kwa hiyo niliishindilia kwa tindo butu hadi ikabana pande zote. Nyufa tukazimiminia uji wa chokaa.

Vile sita vya zamani tuliviacha palepale, tukaziba viungo vyake kwa chokaa. Kati ya vilivyotoka, kimoja bado kina mabonde ya nyundo ya mhunzi. Kidole gumba changu kinaenea sawasawa ndani yake.