Kupima kijito kwa kuhesabu wadudu: uzoefu wangu na watoto Rungwe

Mtoto wa darasa la nne hahitaji maabara ili ajue kama kijito ni kizima. Anahitaji wavu, beseni jeupe na mtu wa kumwonyesha mikia ya wadudu. Huwa napeleka watoto 15, mtu mzima mmoja kwa kila watano, kwenye vijito vinavyoteremkia mto Kiwira.

Kilichonisumbua ni wavu. Chandarua kinashawishi, lakini vingi vimetiwa dawa, na dawa ile huua hata wadudu wa majini. Nikanunua kitambaa chepesi cha pazia, mita 1 kwa sentimita 80, nikakishonea kwenye fito mbili.

Watoto wawili husimamisha fito, pindo la chini likikandamizwa kwa mawe. Wa tatu husimama upande maji yanakotoka, akapekecha mawe kwa miguu dakika moja kamili. Wavu unakung'utiwa kwenye beseni lenye maji ya kijito ya vidole viwili, kivulini, kwa sababu maji yakipata joto hewa hupungua na wadudu dhaifu hufa kwanza. Subirini dakika mbili bila kugusa. Tope likitulia, beseni zima linaanza kutembea, na hapo watoto hunyamaza wenyewe.

Sasa mikia. Wengi wenye mikia mitatu wana manyoya yanayopepea ubavuni; ndiyo ya kupumulia. Hao, pamoja na wale wa mikia miwili minene wanaotambaa chini ya mawe, wanataka maji safi yenye hewa nyingi. Vifunza vyekundu ni kinyume: wekundu wao ni himoglobini, kama ya damu yetu, nayo huwawezesha kuishi kwenye tope lenye hewa haba. Kila mdudu anahesabiwa kwa punje ya mahindi, kila aina na kikombe chake. Mtoto wa kereng'ende mtengeni mapema, atakula wenzake kabla hamjamaliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa kulinganisha juu na chini ya mahali pa kufulia huku juu pana maji ya mbio, chini pana dimbwi. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini haikutuambia lolote juu ya sabuni: dimbwi, hata likiwa safi, si makao ya wengi wa wadudu wale wa maji safi. Siku hizi nachagua maji ya mbio pote pawili, mawe ya ukubwa wa ngumi, kina kisichofika goti. Tunaanzia chini ndipo tupande. Ukianza juu, tope ulilolitibua linashuka kuharibu kipimo cha pili.

Suruali ndefu ni lazima, maana usubi huzaliana kwenye maji haya ya mbio, na inzi wake huuma mchana na kueneza ugonjwa wa macho. Mvua ikianza mlimani, hata kama mlipo kuna jua, tokeni majini. Mkimaliza, wadudu warudishwe pale walipotolewa, na kila jiwe lilazwe upande wake wa awali.