Tafakari ya Juma: Mwigizaji Mbele za Mungu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

"Tena msalipo, msiwe kama wanafiki" (Mt 6:5). Katika Kigiriki cha Injili, neno hilo la mnafiki ndilo walilomwita mwigizaji wa jukwaani. Nilipolijua hilo niliwaonea huruma kidogo watu ambao kuigiza ndiko kunakowapa ugali.

Wiki hii nimekaa na kumbukumbu za mmoja wao, Michael Lonsdale. Alizaliwa Paris mwaka 1931, mama Mfaransa, baba Mwingereza. Alibatizwa Mkatoliki akiwa na miaka 22, kwa hiari yake mwenyewe, kisha akaigiza kwa zaidi ya miaka sitini, majukwaani na kwenye filamu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Wapenzi wa filamu za jasusi James Bond wanamjua: ndiye Drax katika Moonraker (1979), yule tajiri mwenye ndevu anayepanga kuangamiza wanadamu wote, tena kwa sauti ya upole kama anayekukaribisha chai. Jioni hizo hizo, huenda mtu huyo alikuwa na rozari mfukoni. Sioni ubaya. Drax alikuwa kazi.

Mwaka 2010, akikaribia miaka 80, alionekana kama Bruda Luc katika filamu ya Xavier Beauvois kuhusu watawa wa Tibhirine, Algeria. Saba kati yao walitekwa usiku mmoja wa Machi 1996, wakauawa. Mwaka 2018 Kanisa liliwatangaza wenyeheri. Luc halisi alikuwa tabibu, mzee wa miaka 82 mwenye pumu, akiwatibu wanakijiji Waislamu bila malipo.

Kuna mahali katika filamu hiyo nimeparudia mara nyingi. Binti wa kijijini amekaa na Luc kwenye benchi, anamuuliza kama amewahi kupenda. Mzee hashtuki wala hahubiri. Anakubali kwamba ndiyo, tena zaidi ya mara moja, halafu likamjia pendo jingine lililo kubwa zaidi, naye akaliitikia. Inasimuliwa kwamba maneno hayo mengi Lonsdale aliyatoa mwenyewe, hayakuandikwa. Mtazame pale: ametulia tu. Hakuna anachotafuta kwetu sisi tunaomtazama.

Kwa nafasi hiyo Wafaransa walimpa César, tuzo yao ya filamu, mwaka 2011. Alifariki Septemba 2020, akiwa na miaka 89.

Nadhani Yesu hakuwa na ugomvi na jukwaa. Ugomvi wake ulikuwa na sisi tunaolihamishia kanisani. Mimi nikipanda mimbarini sauti yangu hunenepa ghafla, na mke wangu ameshanitania kwamba nyumbani hajawahi kumsikia huyo baba.

Jumapili hii zamu ya somo la kwanza ni yangu. Nimeshalipitia mara tatu, zote mbele ya kioo.