Siku moja maishani mwangu: kusaka ukumbi wa watu 120 Mji Mkongwe

Saa 1:30 asubuhi, Darajani. Kazi ya leo ni chakula cha usiku cha watu 120, mwezi wa Agosti. Mkobani mna futikamba ya mita 10, bisibisi, tochi na chaki. Picha walizotuma wenye nyumba hatuzitazami kwanza. Mji Mkongwe ukumbi unaanzia pale lori linaposimama.

Saa 2:00, Kiponda. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni mita 140. Mkokoteni ukibeba viti 20, viti peke yake ni safari 6. Bado meza, vyombo na masufuria ya biriani. Kichochoro hupimwa penye kona na penye baraza, maana ndipo kinapokaba: hapa sentimita 115. Kizingiti cha chini kina kimo cha sentimita 25. Mgeni wa kiti cha magurudumu anataka ubao wa mteremko wa mita 3, na mbele ya mlango huu nafasi hiyo haipo.

Saa 3:30, ghorofani. Hapa ndipo wapangaji wengi wa shughuli wanapokosea. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimelazwa boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Piga hesabu: meza ya duara ya sentimita 180, kiti kilichokaliwa nusu mita kila upande, tayari mita 2.8. Mhudumu apite wapi na sinia? Meza nyembamba za sentimita 75 zikiunganishwa zinafaa, lakini kwa sentimita 60 kila mtu, watu 40 wakikaa pande zote mbili wanataka urefu wa mita 12. Watu 120 ni vyumba vitatu, na hotuba itasikilizwa na theluthi tu.

Kisha boriti zenyewe. Ncha iliyoingia ukutani ndiyo huoza kwanza, hasa chini ya bafu au palipo na mfereji mbovu. Tunachomeka bisibisi. Kwenye boriti ya kona ya pili inazama sentimita 2 bila kusukumwa, unga wa kahawia unadondoka zuliani. Mwenye nyumba anasema vumbi tu. Watu waliokaa kitako pengine wangebebwa. Wakicheza kwa mdundo mmoja ni jambo jingine. Nyumba inafutwa orodhani.

Saa 6:30, adhana. Wakati mzuri wa kusimama kimya na kujua vipaza sauti viko upande gani. Agosti, Magharibi huingia kama saa 12:30 jioni na Isha zaidi ya saa moja baadaye. Wageni wapokewe baada ya Magharibi, hotuba zianze baada ya Isha.

Saa 8:00, paa moja la Shangani. Mandhari ya kumtoa mtu pumzi, ngazi moja ya sentimita 80, na upepo wa kusi unaopeperusha vitambaa vya meza. Hapana.

Saa 9:00, ufukweni. Siku za bamvu, bahari inapojaa kupita kawaida, maji hujaa alasiri, saa ile ile ya kupanga meza. Hapana tena.

Saa 10:00, Hurumzi: nyumba yenye ua wa mita 11 kwa 14, chini. Umeme ukikatika, jenereta isiwekwe uani, moshi utatuama katikati ya kuta nne. Ikae nje kwa waya mnene wa mita 50. Mwembamba hupata moto na taa hufifia. Jirani na sheha, kiongozi wa mtaa, waambiwe mapema, si siku ya shughuli. Mapambo yasimame kwa miguu yake, kwani msumari hubandua chokaa, na gundi ya utepe nayo hubandua.

Saa 11:00, chaki. Meza, viti na njia ni mita 3.4 kila upande, kwa hiyo zinaingia 3 kwa 4, yaani meza 12 za watu 10. Jukwaa litakaa kwenye kibaraza. Tunachora maduara moja baada ya jingine, na la kumi na mbili linaangukia juu ya kifuniko cha kisima. Mguu wa meza unacheza pale. Linafutwa na kusogezwa pembeni, likiwa la watu 8. Mwenye shughuli anapigiwa simu: wageni 118.