Vigimbi visiwazuie kukimbia
Dada zangu mnaoogopa kukimbia kwa sababu ya vigimbi, nawaandikia nyie. Miguu yangu imejaa tangu utotoni, nimeirithi upande wa mama, na nilipotaka kuanza mbio shosti wangu akaniambia, “Utatoka vigimbi kama mcheza mpira!” Hofu ikaniingia kweli.

Aliyenitoa hofu ni Alphonce Simbu wetu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Mtazameni miguu: myembamba, imekauka. Na huyo anakimbia kilomita 42 na ushee! Mbio ndefu za mwendo wa pole hazijazi misuli. Misuli mikubwa inataka vyuma vizito na kula sana, na kwetu wanawake huja taratibu zaidi.

Basi naenda Coco Beach alfajiri, jua halijawa kali. Nakimbia dakika moja, natembea mbili, narudia hadi nusu saa iishe. Mwendo wenyewe ni ule ambao bado unaweza kupiga stori na mwenzako. Mwanzoni vigimbi vilikaza, vikajaa, hadi suruali ikabana. Hapo ndipo wengi huacha, na inaniuma sana, maana ni damu na maji tu yaliyojaa kwenye msuli uliochoka. Ukipumzika hupungua. Msijipime kwa futikamba siku hiyohiyo.

Viatu nimepata mtumba soko la Karume, soli bado nene. Jumamosi nipo tena, anayetaka kuanza aje, tutakwenda kwa mwendo wake.