Andikeni na Jina Langu

Kwenye mikutano ya kijiji chetu, wilayani Kilolo, Tanzania, wanaume walikuwa wakikaa kwenye mabenchi karibu na meza ya mwenyekiti. Sisi wanawake tulitandika khanga kwenye nyasi, nyuma kidogo, tukanyoosha mikono wakati wa kupitisha hoja, basi. Tangu niolewe nilihudhuria hivyo, sijawahi kusema neno.

Mwaka ule mashamba yalipimwa ili watu wapate hatimiliki za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji. Wapimaji walipofika bondeni kwetu, mimi ndiye niliyewaonyesha mpaka, maana shamba lile tulilinunua kwa fedha ya viazi nilivyolima kwa mikono yangu. Afisa ardhi akatueleza palepale kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ileile ya kumiliki ardhi aliyonayo mwanamume, na kwamba mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja kwenye hati moja.

Siku ya mkutano mkuu, mtendaji akaanza kusoma orodha. Kila kaya jina moja, la baba.

Mwili ukaniisha nguvu. Mimi wa darasa la saba nimsahihishe mtendaji? Baba watoto si ataonekana hana kauli nyumbani kwake? Mama mkwe naye ameketi hapa pembeni yangu. Na sauti ikinikauka katikati? Maswali hayohayo yalinifunga mdomo miaka yote. Nilikuwa na la kusema kuhusu kisima, kuhusu mbolea ya ruzuku iliyochelewa, nikarudi nalo nyumbani nikalisemea jikoni. Wanawake wengi wanayajua mazungumzo hayo ya jikoni: hoja inakuja imenyooka kabisa, na anayeisikia ni sufuria.

Jina la mume wangu likasomwa. Nikampa mama mkwe mtoto, nikasimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka.

"Mwenyekiti, naomba na jina langu liandikwe."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema ardhi ni ya ukoo, mke huja na huweza kuondoka. Nikasikia sauti yangu ikijibu, nyembamba lakini ipo: "Niwie radhi, mzee wangu. Mpaka wa shamba lile niliuonyesha mimi. Afisa yupo hapa, aulizwe sheria inasemaje."

Afisa akaulizwa, akaeleza upya. Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. Aliinamisha kichwa muda mrefu, nami nilibaki nimesimama nikimngoja.

"Aandikwe," akasema.

Kabla sijakaa, jirani yangu alikuwa ameshasimama, na nyuma yake mwingine. Ikabidi mtendaji aianze orodha upya. Njiani kurudi, mama mkwe, ambaye ni mjane, akaniuliza: "Na lile shamba alilotuachia baba yenu, jina langu mimi liko wapi?" Asubuhi yake tukaenda ofisini wote wawili.

Baadaye walitafutwa wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe ni 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Sikungoja kuitwa. Nilikwenda kwa mtendaji nikamwambia aandike jina langu, na mkutano mkuu ukaniidhinisha. Shauri la kwanza kuletwa mbele yetu lilikuwa la ndugu wawili waliogombea mpaka, na mimi ndiye niliyeanza kuwauliza maswali.