Pac-Man niliyoambiwa niitoe matumbo

Kila niliyemwonyesha picha ya ile mashine yangu mbovu ya Pac-Man, mchezo wa video wa kutumbukiza sarafu, alinipa ushauri uleule: toa matumbo yote, weka kikompyuta kidogo na skrini bapa, utacheza michezo elfu badala ya mmoja. Watatu kati yao hawajawahi kushika bisibisi. Nilikasirika hadi nikaapa kuifufua na viungo vyake mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyonivusha miezi sita, maana akili peke yake isingenifikisha popote.

Ni Pac-Man ya kusimama, ya kampuni ya Midway, waliouza Marekani mchezo ambao Namco waliutoa Japani mwaka 1980: kiduara cha njano kinakula vitone vichochoroni huku kikikimbizwa na vizuka. Niliikuta imeegemezwa ukutani, mlango wa sarafu umefungwa na ufunguo haupo, ubao wa chini umekunywa maji hadi unamumunyuka ukiugusa. Mwenye mali, mzee mmoja mcheshi, alitaja bei, nikaomba apunguze kidogo kwa ajili ya kutimiza desturi tu, tukapeana mikono. Kilichoniumiza ni kuibeba. Ilinila karibu sawa na kuinunua. Ina zaidi ya kilo 100 na kila ukiinamisha inachagua upande wenye vidole vyako.

Usiichomeke kwenye umeme siku hiyohiyo, hata ukiwashwa mikono. Soma kwanza kibandiko cha nyuma: nyingi zilizotoka Marekani zinataka volti 120, na ukiipa 240 utasikia harufu kabla ya kuona picha. Mimi nilianza kwa kutoboa kitasa cha mlango kwa drili. Ndani nilikuta sarafu tatu, mende mkavu, na fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikivishwa hivyo ujue kuna mtu aliyechoka kubadilisha fyuzi kila siku, na kilichokuwa kinaziunguza bado kimo humohumo kinakusubiri. Kwangu kilikuwa waya uliochubuka kwenye bawaba ya mlango. Niliuona kwa bahati, na majirani nikawaambia niliutafuta kitaalamu.

Skrini yake ni ya chogo, imesimamishwa wima. Hapo sina utani. Mrija wa kioo wa skrini hiyo unaweza kubaki na maelfu ya volti hata mashine ikiwa imechomolewa, na ikiwa inawaka zinafika 20,000 na zaidi. Nilifunga waya mnene kwenye fremu ya chuma, ncha ya pili kwenye bisibisi bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, mkono mmoja mfukoni, nikaichomeka taratibu chini ya kile kikombe cha mpira ubavuni mwa mrija. Ikalia *tap!* Nikarudia mara ya pili baada ya dakika chache, kwa sababu mrija unaweza kujirudishia chaji kidogo. Kapasita, vile vipande vinavyotunza chaji, za bodi ya skrini nilibadilisha zote, hilo halina hadithi.

Hadithi iko kwenye bodi ya mchezo.

Nilipowasha, skrini ilijaa herufi na namba zilizovurugika, ikazima, ikajaa tena, ikazima, kama mtu anayeanza sentensi na kuisahau. Nikajua mara moja: kumbukumbu imekufa! (Nilikuwa nimesoma jioni moja tu, lakini nilikuwa na uhakika wa profesa.) Nikabadilisha chipu za kumbukumbu. Palepale. Nikabadilisha Z80, ile prosesa yake. Palepale. Nikachomoa chipu za programu ili nisafishe miguu iliyopiga weusi, na moja ikakatika mguu mkononi mwangu. Nilikaa chini. Baadaye nikakata kijiti cha rezista, nikakisolda pale mguu ulipokatikia, na mpaka leo chipu ile inatembea na mguu wa bandia. Hiyo kazi ndogo najivunia kuliko zote, ingawa ilikuwa kutibu jeraha nililolitia mwenyewe.

Mita nilikuwa nayo, msinicheke. Nilipima kwenye transfoma, volti zikawa sawasawa, nikaandika kwenye daftari: umeme mzima. Basi ikabaki kununua bodi nyingine. Yule mzee alikuwa nayo, akaapa kwamba inafanya kazi. Nikaichomeka. Herufi zilezile, kuzima kulekule.

Nikampigia simu. "Mzee wangu, umeniuzia bodi mbovu."

"Kijana, bodi ile nimeicheza mwenyewe."

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, ya upole kwa sauti lakini makali kwa maana, na kwa wiki tatu hatukuzungumza.

Kilichonifungua macho ni pua. Usiku mmoja niliacha mashine ikiwaka muda mrefu, nikasikia harufu ya plastiki ya moto pale bodi inapochomekwa kwenye kiunganishi kirefu cha pini 44. Nikagusa. Moto. Kumbe bodi ya Pac-Man inapokea umeme wa AC, ule unaogeuka-geuka kama wa ukutani, wa volti 7 hivi kutoka kwenye transfoma, kisha yenyewe, palepale juu ya bodi, inaugeuza kuwa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na kuushusha hadi volti 5. Mkondo wote huo unapita kwenye pini chache. Pini zikilegea zinapata joto, joto linazitia weusi, weusi unazidisha joto, na kwa miaka mingi zinajichoma polepole.

Hapa ndipo penye ujanja, na sikufundishwa na yeyote kati ya wale washauri wa vikompyuta. Mashine ikiwa inawaka, weka mita kwenye AC, ncha moja kwenye waya nyuma ya kiunganishi, ncha ya pili kwenye shaba ya bodi ya pini hiyohiyo. Kiungo kizima kinasoma sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu pande zote mbili ni kitu kimoja. Changu kilisoma volti moja na nusu! Yaani umeme ulikuwa unaibiwa katikati ya milimita mbili. Nikapima kwenye mguu wa chipu: 4.3 badala ya 5. Bodi hii ina mlinzi ndani yake anayeiwasha upya programu ikikwama, na kwa umeme ule dhaifu ilikuwa ikikwama kabla haijaanza. Kosa halikuwa kwenye bodi ya kwanza, wala ya pili. Niliweka kiunganishi kipya, nikaisugua shaba ya bodi kwa raba ya penseli na kuipaka solda kidogo palipoungua, nikawasha. Vizuka vinne vikajipanga.

Bodi zote mbili zilikuwa nzima. Nilimpigia mzee simu asubuhi, nikazunguka sana kabla ya kufika kwenye neno samahani. Alicheka hadi akakohoa.

Ubao wa chini niliukata nikaunga plaiwudi. Kifaa cha kupokea sarafu, kile kinachochuja kwa ukubwa, uzito na sumaku, kilikuwa kinatema kila kitu. Nilikiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikakikausha. Msikipake mafuta, mafuta yanashika vumbi na mtarudi mlipoanzia. Ukinunua joistiki mpya hakikisha ni ya njia nne. Niliwahi kuweka ya njia nane, Pac-Man akawa anapita kona kama mlevi. Na hapana, haina kitufe cha kupiga risasi, acheni kuniuliza nimekipoteza wapi.

Mrija niliambiwa nao niutupe kwa sababu umeungua: vichochoro vya mchezo vimejichora kwenye kioo baada ya kuwaka miaka kadhaa bila kubadilika. Ni kweli, hata nikizima umeme vinaonekana ukisimama pembeni kidogo, kijivu juu ya kijivu. Nimeuacha. Mzee alipokuja kuiona alikataa nimwekee mchezo wa bure, akatoa sarafu yake mfukoni, akafa mara tatu ndani ya dakika mbili. Mke wangu bado huniita usiku niende kuzima mashine, na mimi huenda, nikaikuta imeshazimwa tangu jioni.